Ukiingia Nalo, Utoke Nalo

Katika nchi ya Usikonde hakuna mgeni anayefukuzwa. Jambo hilo limeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa forodha, kwa herufi kubwa zinazoonekana tangu ng'ambo ya mto. Chini yake, kwa herufi ambazo mtu hana budi kuinama ndipo azisome, imeandikwa kwamba mgeni hawezi kufukuzwa kabla hajaingia, na kwamba suala la kuingia litashughulikiwa kwa wakati wake. Wenyeji wanaujivunia sana ukuta huo. Kila mwaka hupakwa rangi upya, upande wa herufi kubwa.

Mzee Gervas Mpangala hakuwahi kuinama pale. Yeye alikuwa mtu wa ng'ambo, mkuu wa posta mstaafu, aliyetumia umri wake kugonga mihuri na kuiamini mihuri iliyogongwa na wenzake. Mzaliwa wa Usikonde alikuwa mkewe, Bi Salafina. Alivuka mto akiwa msichana kwenda kusomea ualimu, akaolewa hukohuko, akazaa binti mmoja, Adela, ambaye sasa alikuwa muuguzi katika nchi za baridi. Katika ndoa yao yote Bi Salafina aliomba jambo moja tu kubwa: kwamba wakistaafu, wakazeekee kwao. Mzee Gervas alikubali siku ya posa, na hakuwa mtu wa kumeza maneno yake.

Tatizo lilikuwa mgongo. Mwaka ule wa kustaafu, uti wa mgongo wa Bi Salafina ulianza kusagika, akawa hawezi kukaa kwenye kiti cha basi hata mwendo wa kutoka sokoni. Mzee Gervas alimwita fundi, wakang'oa viti vya nyuma vya gari lao, gari refu la rangi ya maziwa ambalo alikuwa akilisafisha kila Jumamosi kama mtu anayeogesha farasi, wakatandika godoro la sufi. Humo Bi Salafina alilala akatazama mawingu dirishani, na hakusikia maumivu. Kijijini kwao hospitali ilikuwa mbali sana. Kwenda bila gari kungekuwa sawa na kwenda kulala kitandani na kungoja.

Ndipo redio ya Usikonde ikatangaza Sheria ya Kumkaribisha Shemeji. Kila mtu wa nje aliyeoa au kuolewa na raia, alisema mtangazaji kwa sauti ya asali, ni Shemeji wa Taifa zima, na akistaafu anaruhusiwa kuja kupumzika Usikonde pamoja na gari lake mwenyewe, bila ushuru na bila usumbufu. Mzee Gervas aliisikiliza taarifa hiyo mara mbili. Kisha akauza nyumba, akaaga, akagongewa muhuri wa kuhama, akamlaza mkewe kwenye godoro na kuondoka akiimba.

*

Mkuu wa forodha aliitwa Bwana Chambilecho, mtu mnene, mpole, mwenye methali moja kwa kila jambo, japo mara nyingi methali yenyewe ilihusu jambo jingine. Aliwapokea kwa chai. Alimwita Mzee Gervas shemeji, akamtania kwamba mahari bado haijaisha, akauliza hali ya mgonjwa. Halafu akaichukua pasipoti ya Mzee Gervas, akaandika ndani yake rangi ya gari na namba yake, akagonga muhuri mzuri sana, wenye ukingo wa maua. Mzee Gervas aliutazama kama mtu wa kazi na kuusifia.

Kisha Bwana Chambilecho akaifungia pasipoti kwenye mtoto wa meza na kueleza utaratibu.

"Shemeji, mambo ni mepesi," alisema. "Gari haliingii mpaka mwenyewe awe mkazi. Mwenyewe hawi mkazi mpaka awe ameingia. Na mwenyewe haingii bila gari, kwa kuwa limeshaandikwa kwenye pasipoti yake, na sisi hapa si yaya wa magari ya watu. Ukiingia nalo, utoke nalo. Chambilecho wahenga, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani."

Mzee Gervas aliomba aelezwe tena, polepole. Akaelezwa tena, polepole, na ikawa vilevile. Akauliza kama basi wanaweza kurudi walikotoka. Bwana Chambilecho alisikitika kwa dhati. Kutoka Usikonde kunahitaji muhuri wa kutoka, na muhuri wa kutoka hugongewa mtu aliyeingia. Akawaonyesha mahali pa kuegesha gari, kwenye uwanja wa nyuma, chini ya bendera.

Uwanja huo haukuwa Usikonde wala ng'ambo. Wataalamu waliuita Eneo la Ukarimu. Magari ya mashemeji yalikuwa yamejipanga humo safu kwa safu, mengine majani yameota mpaka kwenye vioo. Watu walikuwa wameanzisha kanisa, msikiti na timu ya mpira. Jirani yao wa kwanza alikuwa Bi Nuruana, aliyekuja na pikapu kumfuata mume raia wa Usikonde. Mume alikuwa akija kumwona kila wiki na mkate, kisha kila mwezi, kisha akaoa mwanamke mwingine asiye na gari. Bi Nuruana alipanda maharage kwenye bodi la pikapu yake, na yalistawi.

"Mwenzenu na mimi nilikuja kwa siku moja," aliwaambia, akawaletea mboga.

*

Haikupita muda mrefu ikaja Wiki ya Ukarimu, na pamoja nayo Waziri wa Mashemeji mwenyewe. Uwanja ulifagiliwa. Wagonjwa waliambiwa wasikohoe. Mheshimiwa alipanda jukwaani akahutubia mpaka jua likahama, na katika mengi aliyoyasema, watu walishika hili: kwamba Usikonde haina mipaka, ina mahali pa kusalimiana tu. Makofi yalipigwa. Hata Mzee Gervas alipiga, kwa kuwa lilikuwa neno zuri, na kwa kuwa askari alikuwa akitazama nani hapigi.

Baada ya hotuba, ilitakiwa picha ya shemeji akiingia nchini. Msaidizi wa Waziri alizunguka safu zote, akachagua gari la rangi ya maziwa kwa sababu lilikuwa safi na kwa sababu mgonjwa aliyelala ndani yake angependeza gazetini. Kizuizi kikainuliwa. Tarumbeta zikapigwa. Mzee Gervas alikanyaga mafuta, gari likapita chini ya mti wa kizuizi, likashika barabara ya lami ya Usikonde, na Waziri akawa anatembea ubavuni, mkono wake juu ya boneti, akitabasamu.

Nyuma, Bi Salafina alijiinua kwa kiwiko. Kando ya barabara wanawake wawili walikuwa wanagombania bei ya karanga kwa lugha ya mama yake, lugha ambayo hakuwa ameisikia ikitumika kugombana tangu ujana. Alifungua kioo. Aliwaita kwa lugha hiyohiyo akawaambia wapunguze hasira, na mmoja akamjibu "mama, huyu ananionea," kama mtu anayemjibu jirani.

Mpiga picha aliinua kidole kuonyesha kwamba imetosha. Askari akampigia Mzee Gervas ishara ya kurudi kinyumenyume.

Mzee Gervas alisema kwamba wameshaingia. Msaidizi wa Waziri alimsahihisha kwa upole: iliyoingia ni picha. Nyuma yake walishajipanga askari wengine, nao walikuwa wapole vilevile, na mikononi walikuwa na bunduki. Akatia gia ya nyuma.

Mzee Gervas alizima injini kwenye nafasi yao ileile chini ya bendera. Ndipo Bi Salafina akasema, "Baba Adela, nimefika kwetu, na nimetolewa." Kuanzia siku hiyo mgongo wake ukawa unamuuma hata akiwa juu ya godoro.

*

Mvua zilipoanza, godoro likashika unyevu. Homa ikamshika Bi Salafina, ikamwacha, ikamrudia. Mzee Gervas alikwenda ofisini kwa Bwana Chambilecho kila asubuhi, amechomekea shati, akaomba, na kila asubuhi alipewa chai. Hatimaye jirani zao waliokuwa na ndugu ng'ambo ya kizuizi wakapeleka habari kijijini, na mdogo wake Bi Salafina, Leokadia, akaja na wanaume wanne na machela iliyofungwa kwenye mti mrefu.

Hawakuulizwa kitu. Bi Salafina alikuwa raia, na raia kurudi kwao hakuhitaji hata salamu. Askari walisimama kwa heshima ya mgonjwa. Mzee Gervas alikimbilia ofisini kuuliza kama anaweza kumsindikiza mkewe, japo mpaka kijijini tu, kisha arudi.

"Na gari utaliacha na nani?" Bwana Chambilecho aliuliza, na alionekana kweli anataka kujua.

Basi Mzee Gervas alitembea kando ya machela mpaka kwenye kizuizi, na hapo akasimama. Hakuna aliyemzuia. Alisimama mwenyewe, maana muhuri ulikuwa muhuri. Alimfunika mkewe miguu kwa kitenge, akamwambia atalileta gari haraka iwezekanavyo, ampeleke hospitali vizuri, amelala.

"Usichelewe," Bi Salafina alisema.

Wale wanaume wakainua mti mabegani. Alimwona akipungua barabarani mpaka ikabaki rangi ya kitenge, na baadaye hata hiyo haikuonekana.

*

Ni Bi Nuruana aliyemweleza kuhusu cheti cha kifo. Sheria za Usikonde, alisema, hazina ukatili: gari likifa linafutwa kwenye pasipoti, na mwenyewe anakuwa huru kwenda atakako kama mtu yeyote aliyefiwa. Pikapu yake yeye ilishakufa zamani, lakini maharage yaliyoota juu yake yalihesabiwa kuwa dalili ya uhai.

Mzee Gervas aliomba mara moja, na Daktari wa Magari wa Wilaya akaja, amevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo shingoni. Aliuinamia mfuniko wa injini, akasikiliza, akaagiza gari liwashwe. Liliwaka kwa mguso wa kwanza, laini kama paka. Daktari akampongeza. Mzee Gervas akamuuliza itakuwaje kama, kwa mfano, mtu ataondoa plagi. Daktari alivua miwani, akamwambia kwamba kuua gari kwa makusudi ni jinai, na kwamba kwa heshima ya ushemeji hakulisikia swali hilo. Gari ni lazima lijifie lenyewe.

Hapo ndipo yule mzee aliyelipenda gari kama mwanawe alipoanza kulinyima. Aliacha kulisafisha. Aliacha kuangalia oili. Aliacha boneti wazi wakati wa mvua, akageuza uso ili asione maji yakiingia. Halafu, kwa kificho, mchana wakati wenzake wapo kwenye mpira, alimimina sukari yake ya chai ndani ya tangi. Kila Daktari alipokuja, gari lilikohoa, likatetemeka, likatoa moshi mweusi, likawaka. Lilikuwa limetunzwa vizuri mno kwa miaka mingi, na sasa halikujua namna nyingine ya kuishi.

Habari kutoka kijijini zilikuja kwa midomo ya wapita njia. Kwanza kwamba Mama Adela anauliza lini. Kisha kwamba anakunywa uji tu. Kisha kwamba mguu mmoja hausikii tena. Mara ya mwisho mjumbe alisema kwamba siku hizi haulizi.

Mzee Gervas alilala kifudifudi juu ya boneti, shavu lake juu ya bati.

"Kufa basi," aliliambia. "Nakuomba. Umefanya kazi ya kutosha."

Bi Nuruana alimwona, akaingiza kichwa ndani ya pikapu yake, akajifanya anapalilia.

*

Daktari wa Magari alikuwa mtu mwaminifu, na aliandika alichokiona: kwamba katika Eneo la Ukarimu liko gari lililostahimili njaa, mvua na sukari, na linawaka. Taarifa hiyo ilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na haijulikani ingelala wapi kama gari la Waziri wa Mashemeji lisingekwama darajani wiki ileile akiwa njiani kwenda kufungua semina. Msaidizi alikuja na maturubai, askari na bendera ndogo. Alimweleza Mzee Gervas kwamba Taifa linaazima kwa shemeji yake, na kwamba kuazimana ndiko undugu. Wakalitoa godoro wakaliweka chini, wakaweka viti vingine, wakafunga bendera mbele. Gari liliwaka. Kizuizi kiliinuliwa, na likaingia Usikonde bila kuulizwa kitu.

Mzee Gervas alikimbia ofisini kama kijana. Gari limeingia, alimwambia Bwana Chambilecho. Sasa na mwenyewe anaweza kuingia.

Bwana Chambilecho alifikiri kwa muda mrefu, maana hakupenda kumwumiza mtu. Lililoingia, alisema mwishowe, ni gari la Serikali. Lile lililoandikwa kwenye pasipoti halijulikani liliko, na hilo ni jambo zito, kwa sababu shemeji akitakiwa kutoka bila gari hilo itakuwa kosa. Alimshauri alitafute. Ndani ya nchi hataweza, kwa kuwa hajaingia. Alitafute palepale uwanjani. Akamwandikia kibali cha kulitafuta, akakigonga muhuri.

Na Mzee Gervas akalitafuta. Aliinama chini ya malori. Alichungulia nyuma ya kanisa. Alifungua maturubai ya watu baada ya kuomba radhi. Bi Nuruana alimfuata, akamshika mkono.

"Baba, unatafuta nini?"

"Gari."

"Si limechukuliwa mbele ya macho yetu?"

"Najua. Lakini nimepewa kibali cha kulitafuta."

Alijisikia akisema hivyo. Alikaa juu ya lile godoro, mahali penye doa la oili pale lilipokuwa gari, akakitazama kile kibali. Muhuri ulikuwa ule wenye ukingo wa maua. Alikaa hivyo mpaka wanawake wa ng'ambo walipoanza kupita na mikungu ya ndizi kichwani, wakienda gulioni Usikonde kama walivyopita jana na juzi, wakizungumza habari za waume zao. Walipita pembeni ya kizuizi, penye kijia. Wengine walimwamkia.

Alisimama, akakunja godoro, akajitwisha, akafuata nyuma yao. Kibali alikiacha chini. Askari wa kizuizi alikuwa amefundishwa kutazama namba za magari, na Mzee Gervas hakuwa na namba. Alimtazama, akapiga miayo, akatazama kwingine.

*

Alifika kijijini jua likiwa bado juu. Leokadia alikuwa uani akipepeta mchele, akauacha ungo ukaanguka. Ndani, Bi Salafina alikuwa amelala upande mmoja, amekonda hata kitenge kilionekana kizito kwake. Alimtambua mara moja. Aliomba maji, akanywa, ndipo akauliza.

"Umeingiaje?"

"Kwa miguu."

"Kwa miguu tu?"

"Kwa miguu. Pale pembeni kuna njia."

Bi Salafina aliyafumba macho yake. Kuku aliingia, akatoka. Leokadia, aliyekuwa mlangoni, alijua swali litakalofuata na alitamani lisiulizwe.

"Siku ile waliponibeba," Bi Salafina alisema taratibu, "ulisimama pale kwenye mti wa kizuizi. Nilikutazama mpaka shingo ikauma. Nilidhani wamekushika."

"Hakuna aliyenishika," Mzee Gervas alisema.

Mkewe hakumdai maelezo. Baadaye alisogeza mkono wake juu ya mkeka mpaka ukaufikia wa mumewe. Mzee Gervas alilia kwa sauti, mbele ya shemeji yake, bila kujificha.

Kulipopambazuka waliamua kumpeleka hospitali kwa machela, mwendo wa mchana kutwa. Mzee Gervas hakukubali kufuata nyuma. Alishika ncha moja ya mti, kwa zamu na vijana, na alipoambiwa apumzike hakupumzika. Walipofika barabara kuu pikipiki ya askari iliwapita ikipiga king'ora, ikiwaamuru watu wote washuke mtaroni. Wakashuka. Wakamlaza Bi Salafina kwenye majani.

Msafara wa Waziri ulipita. Mzee Gervas aliijua injini kabla hajaliona gari. Lilikuja la pili, limepakwa nta, bendera ikipepea, likitoa moshi mweusi nyuma. Mheshimiwa alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi.

Bi Salafina alikuwa ametega sikio.

"Ni letu?" aliuliza.

"Ni letu."

"Linakohoa."

"Linakohoa, Mama Adela."

"Litafika huko linakokwenda?"

"Litafika," Mzee Gervas alisema, akaingiza bega lake chini ya mti.